Taa Hudai, Mbolea Hulipa

Ukiingia katika ukumbi wa hoteli ya kiasi hapa Dar es Salaam, au katika chumba cha kungojea cha zahanati, huenda ukalikuta tangi la kioo lenye samaki wa rangi rangi, na kati yao majani ya plastiki yamesimama wima kama askari wa gwaride. Majani hayo hayakui, hayaozi, wala hayadai kitu. Ukimwuliza mwenye tangi kwa nini asitie mimea ya kweli, atakujibu kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata tamaa: “Nilitia, ikafa.” Na ukizidi kumdadisi, atakuambia kwamba alijaribu kuiokoa kwa kununua taa kubwa zaidi, nayo ikafa upesi zaidi, na kioo chote kikageuka kijani.

Nataka kukueleza leo kwa nini ile taa kubwa haikuwa dawa, bali ndiyo iliyouharakisha msiba. Mimi si mtaalamu wa elimu ya mimea. Ni mtunza bohari, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuandika katika daftari kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Lakini kadiri ninavyolitazama tangi lililoko sebuleni kwetu, lenye lita 60 za maji, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba mimea ya majini inamhitaji mtunza bohari kuliko inavyomhitaji fundi wa umeme.

Tuanze na mwanga wenyewe. Mwaka 1779 daktari mmoja mzaliwa wa Uholanzi, Jan Ingenhousz, akiwa Uingereza, alichukua majani mabichi, akayazamisha katika chombo cha maji na kukiweka chombo hicho juani. Aliona vipovu vidogo vidogo vikitokea juu ya majani na kupanda. Alipokiondoa chombo juani na kukitia gizani, vipovu vilikoma. Akajaribu tena na tena mpaka akathibitisha kuwa si joto la jua lililofanya kazi ile, bali ni mwanga wake, na kwamba ni sehemu za kijani tu za mmea zinazoiweza. Vipovu vile vilikuwa hewa tunayoiita sasa oksijeni. Nawe unaweza kuviona nyumbani kwako bila ya kifaa chochote: mmea wa majini ukiwa na afya, na taa ikiwa imewaka kwa saa kadhaa, utaona ushanga wa fedha umetanda juu ya majani. Watoto wangu huacha hata televisheni kuutazama, jambo ambalo si dogo.

Miaka 71 baadaye, mwaka 1850, mkemia wa London aitwaye Robert Warington alitoa habari ya tangi lake. Alikuwa ameweka ndani yake samaki wawili wa dhahabu na mmea uitwao Vallisneria, ambao majani yake ni marefu na membamba mfano wa miyaa ya kusukia mikeka. Samaki walipumua oksijeni ya mmea, na mmea ukala uchafu wa samaki. Lakini majani makongwe yalipooza, maji yalichafuka na kioo kikashikwa na utando. Ikambidi aongeze konokono wa majini ili wayale yale yaliyooza. Ndipo tangi likatulia. Twaona basi kwamba tangu mwanzo kabisa shida haikuwa kuitia mimea majini. Shida ilikuwa mizani.

Mwanga, msomaji wangu, si chakula. Mwanga ni kama msimamizi anayeamuru kazi ianze kiwandani. Msimamizi akiamuru zamu tatu badala ya moja, mashine zitataka malighafi mara tatu, na bohari lisipokuwa nazo, wafanyakazi watasimama mikono mitupu huku taa zinawaka na gharama zinapanda. Ndivyo ulivyo mmea. Ukiuongezea mwanga, umeuongezea njaa. Utadai hewa ukaa zaidi, utadai naitrojeni, fosforasi na potasiamu zaidi, na kisha vile vitu ambavyo hutakiwa kwa kiasi kidogo mno, kama chuma, manganizi na zinki. Na kanuni ya hesabu hii ilikwisha kuelezwa na Wajerumani wawili, Carl Sprengel katika miaka ya 1820 na Justus von Liebig baada ya 1840: mmea hukua kwa kadiri ya kile kilichopungua kuliko vyote, si kwa kadiri ya kile kilichozidi. Wenye kufundisha kilimo hupenda kuonyesha pipa lililoundwa kwa mbao zisizolingana urefu. Hata ulijaze vipi, maji yataishia kwenye ubao ulio mfupi. Mtu anayenunua taa kubwa anaurefusha ubao mmoja uliokwisha kuwa mrefu.

Na deni lisilolipwa hupata mdai mwingine. Mdai huyo ni mwani, ule utando wa kijani, au nyuzi nyuzi, au madoa meusi yanayoshika kingo za majani. Mwani hauna shina la kujenga wala mizizi ya kulisha. Hutosheka na makombo. Mmea uliokwama kwa kukosa chakula huanza kuoza majani yake ya chini, majani hayo humwaga utomvu majini, na mwani, ambao mwanga wa bure umekwisha kuwashiwa, hujilia kwa raha. Ndiyo maana yule mwenye hoteli alipoongeza taa alipata kijani kingi. Alikipata kweli, ila si kile alichokitaka.

Hapa kuna jambo moja ambalo watu wengi hawalifikirii, nami naliona ndilo kiini cha habari yote. Malighafi iliyo adimu kuliko zote ndani ya maji si mbolea. Ni hewa ukaa. Mmea wa nchi kavu huipata katika upepo unaoupitia mchana kutwa. Lakini ndani ya maji hewa hiyo husambaa polepole mno, mara 10,000 hivi polepole kuliko inavyosambaa hewani, na maji yaliyotulia yaliyo wazi juu huwa na kiasi cha nusu miligramu tu katika kila lita. Kwa hiyo jani lililo chini ya maji chini ya taa kali ni kama mtu anayekimbizwa huku amezibwa pua.

Ukitaka ushahidi wa hayo, huna haja ya kwenda mbali. Tazama Ziwa Victoria. Magugu maji, ambayo asili yake ni Amerika ya Kusini, yalianza kuonekana ziwani humo mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufika miaka ya 1990 yalikuwa yamefunga ghuba na bandari, wavuvi wakashindwa kutoa mitumbwi. Kwa nini mmea huu ulikimbia hivyo ilhali mimea iliyozama haikukimbia? Kwa sababu majani yake yako juu ya maji. Jua la ikweta ni lake lote, na hewa ukaa anaivuta upeponi kama mhindi shambani. Deni mbili kubwa zimekwisha kulipwa. Lililobaki ni la mbolea, nayo ziwa lilikuwa likiipokea kutoka mashambani, katika udongo uliomomonyoka na katika maji machafu ya miji. Katika hali kama hiyo gugu maji huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa wiki mbili hivi. Fukusi wa jamii ya Neochetina walipoletwa kuyala, pamoja na mabadiliko ya hali ya hewa ya miaka ile, magugu yalipungua sana, ingawa mpaka leo hayajaisha. Nasema haya pia ili uelewe kwa nini mmea wowote unaouondoa katika tangi lako hupaswi kuutupa mtoni, mtaroni wala ziwani. Uanike juani ukauke, kisha utie shimoni.

Sasa nije nyumbani kwangu, maana somo hili sikulipata kwa utulivu.

Mtoto wa dada yangu anaishi nasi. Alimaliza kidato cha nne, akazunguka na vyeti vyake katika ofisi na viwanda, na kwa muda mrefu jibu lilikuwa moja. Katika kuzunguka huko akajifunza kwa rafiki yake kutunza matangi ya samaki, akaipenda kazi hiyo, na mwaka uliopita akanijia jioni moja na maombi rasmi. Alitaka nimkopeshe fedha anunue taa kubwa ya wati 60, mtungi wa hewa ukaa pamoja na vali yake, na mbolea za chupa kutoka ng’ambo. Alikuwa na picha za matangi ya mtindo wa Takashi Amano, yule mpiga picha wa Japani aliyefariki mwaka 2015, ambaye alitengeneza ndani ya vioo mabonde na misitu mpaka mtu akasahau kuwa anatazama maji. Mpwa wangu aliamini kuwa akiweza kutengeneza moja tu la namna ile, hoteli zitamwita.

Fedha aliyoitaka ilikuwa ipo. Ilikuwa ni karo ya binti yangu ya muhula uliokuwa unakuja.

Nilimwambia kuwa picha zile ni za kweli, na mtu yule alikuwa bingwa, lakini kila tangi lile lilikuwa na bohari lililojaa nyuma yake: taa kali, na kwa hiyo mtungi wa hewa usiokatika, na kwa hiyo mbolea kila siku, na kwa hiyo mkasi kila wiki. Ukikatika mnyororo huo mahali pamoja, siku ya nne au ya tano mwani unaingia. Na umeme wetu, je? Na mtungi ukiisha tarehe 18, mshahara ukiwa ni tarehe 28? Nikamshauri aanze upande wa pili: aiweke taa ndogo ambayo tunaweza kuilisha. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, “Mjomba, mimi nimekuelewa. Lakini naona unataka niwe mtu wa wati 9 maisha yangu yote.”

Neno lile lilinikaa. Mke wangu, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, hakuinua uso. Aliniambia baadaye kuwa kijana hakukosa adabu, alikosa mlango. Tulikubaliana kwamba lile tangi la sebuleni liwe la majaribio, kwa vitu vya kawaida tu, na kila kitu kiandikwe.

Basi nikueleze tulivyolifanya, kwa kuwa hili ndilo linaloweza kukufaa wewe mwenye mshahara kama wangu.

Taa yetu ni balbu ya LED ya nyumbani, ya wati 9, ile nyeupe ambayo juu ya boksi lake huandikwa mwanga wa mchana, na nguvu ya mwanga kiasi cha lumeni 800. Imetiwa katika kofia ya bati na kuning’inizwa juu ya tangi. Watunzaji wengi wa matangi hukadiria kuwa lumeni 10 hadi 20 kwa kila lita zinaitosha mimea isiyo na papara, na zikipita 40 huna budi kutia hewa ukaa kwa mtungi. Sisi tuko kwenye 13. Kwa saa 8 kwa siku, balbu hiyo hula uniti 2 na kidogo kwa mwezi mzima. Ile taa ya wati 60, kwa saa 10, ingekula uniti 18, kabla hujanunua tone la mbolea.

Saa hizo 8 hatuziwashi mfululizo. Diana Walstad wa Marekani, mwandishi wa kitabu cha mwaka 1999 juu ya matangi yenye mimea, alipendekeza mapumziko ya mchana: taa iwake asubuhi, izimwe kwa saa nne hivi, kisha iwake tena. Hewa ukaa ambayo mimea imeimaliza asubuhi hupata nafasi ya kurudi, kwa pumzi za samaki na kwa vijidudu vinavyoozesha udongo. Mpango huu umewafaa wafanyakazi kuliko watu wengine wote. Twawasha saa 12 asubuhi tukijiandaa kwenda kazini, twazima saa 4. Inawaka tena saa 10 jioni mpaka saa 2 usiku. Mchana ambapo hakuna mtu wa kulitazama, tangi limelala. Yule binti mdogo ndiye mwenye dhamana ya swichi, na hajakosa.

Ila usiliweke tangi dirishani ukidhani unaokoa umeme. Jua la Dar es Salaam ni msimamizi asiyejua kusema basi. Litayapasha maji moto, na maji ya moto hushika oksijeni kidogo, na mwani utalipa tangi rangi ya mchicha uliopondwa.

Juu ya mbolea, watu wengi hushangaa nikiwaambia kuwa mbolea ya kwanza ni chakula cha samaki. Samaki hula, na sehemu kubwa ya naitrojeni iliyokuwamo huitoa kupitia mashavu yake ikiwa amonia. Kwa samaki amonia ni sumu. Kwa mmea ni mlo wa kwanza kabla ya mingine. Kwa hiyo mwenye samaki 10 wadogo na mimea mingi katika lita 60 tayari ana kijiko kinachochota kila siku. Chini tumetandaza udongo wa shambani usiotiwa samadi wala mbolea yoyote, unene wa vidole viwili, na juu yake changarawe iliyooshwa, unene uleule. Udongo huo una chuma na mengineyo kwa muda mrefu, na mizizi huyafuata yenyewe. Maji ya bomba hukaa katika ndoo wazi usiku na mchana kabla ya kutiwa, ili klorini itoke. Maji ya kisima cha mtaani kwetu yana chumvi, hayo tumeyaacha.

Mimea tuliyochagua ni ya watu wavumilivu. Iko Anubias, ambayo ni Mwafrika mwenzetu, asili yake misitu ya Afrika ya Magharibi na ya Kati, mahali penye kivuli kando ya vijito. Huifungi udongoni, shina lake hulifunga kwa uzi juu ya jiwe, kwa maana likifukiwa huoza. Huweza kukupa jani moja tu kwa mwezi, na jani hilo likadumu miaka. Iko Vallisneria ile ya Warington, ambayo jamaa zake wamo pia katika maziwa yetu makubwa. Iko Ceratophyllum, isiyo na mizizi kabisa, mkia wa kijani unaoelea na kunywa kila kilicho majini. Tena tuliacha vijimea vichache vielee juu, vyenye majani madogo kama dengu. Hivyo ndivyo daftari letu. Kwa kuwa vinapata mwanga wote na hewa yote, vikipauka hakuna sababu nyingine isipokuwa bohari limekwisha mbolea. Na vikiwa kijani huku mimea ya chini imedumaa, basi kilichopungua ni hewa ukaa au mwanga.

Majani mengine nayo husema, ukijifunza kuyasoma. Majani makongwe yakigeuka manjano, mmea unavua nguo za zamani ili uvishe mpya. Mara nyingi ni naitrojeni iliyopungua. Majani makongwe yakitoboka matundu madogo madogo, tazama potasiamu. Lakini majani machanga yakizaliwa meupe au manjano, na mishipa imebaki kijani, hiyo ni njaa ya chuma, kwa sababu chuma kikishaingia katika jani la zamani hakihami kwenda kwa jani jipya. Sisi tuliona potasiamu tu ikipungua, mwezi wa tatu.

Na hapa nakusihi sana. Usichukue mbolea ya chumvichumvi iliyobaki shambani ukaitia katika tangi lenye samaki. Piga hesabu: urea ina asilimia 46 ya naitrojeni. Kijiko kimoja cha chai, gramu 4 hivi, kina karibu gramu 1.8 za naitrojeni. Katika lita 60 hiyo ni miligramu 30 kwa kila lita, na vijidudu vya majini vitaigeuza kuwa amonia. Katika maji ya joto na yenye chokaa, samaki huumia hata kwa miligramu 1. Utaamka asubuhi uwakute wote juu ya maji, matumbo wazi. Hali kadhalika mbolea yoyote yenye shaba nyingi itawaua konokono. Ikiwa huna budi kuongeza kitu, wenye maduka ya pembejeo za umwagiliaji huuza naitreti ya potasiamu, ambayo gramu 1 katika lita 60 huongeza naitreti kwa miligramu 10 hivi kwa kila lita, kiasi ambacho mmea hukifurahia na samaki hukistahimili. Nasi tulitia nusu ya hiyo, mara moja kwa wiki, tukibadilisha robo ya maji. Matundu yalikoma katika majani mapya.

Labda wauliza mpwa wangu alifanya nini wakati mimi ninahesabu balbu. Alifanya jambo ambalo mimi sikulifikiria. Alikuwa amesikia kwamba katika mashamba ya ng’ambo mimea mingi ya matangi haikuzwi ndani ya maji. Hukuzwa nje, mizizi ikiwa katika tope na majani hewani. Mimea kama Anubias, na Cryptocoryne ya Asia, katika makwao huishi hivyohivyo nusu ya mwaka, maji yanapopwa. Akachukua mabeseni matano yaliyopasuka kingo, akatia udongo wenye maji, akapanda vipande alivyopewa na rafiki yake, akayafunika kwa nailoni nyeupe ili unyevu usitoke, na kuyapanga chini ya mwembe uani kwetu.

Tazama hesabu yake ilivyokuwa. Mwanga ni wa jua, umechujwa na mwembe, hauna uniti. Hewa ukaa ni ile ya upeponi; ule mtungi aliotaka nimkopeshe ulikuwa umetuzunguka muda wote. Na kwa kuwa hamna samaki katika mabeseni, ile mbolea ya kukuzia niliyokukataza hivi punde ikapata mahali pake halali, chembe chache katika ndoo nzima, mara moja kwa wiki mbili. Dada yangu alipopiga simu kutoka Tanga akauliza mwanawe anafanya kazi gani siku hizi, nikamwambia analima mabeseni. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama yanaliwa.

Baada ya miezi mitano akawa na mashina ya kuuza, na mwenye mgahawa mmoja akanunua 20 kwa tangi lake. Wiki ya pili mzee huyo akaja mpaka nyumbani, amefura. Majani yote ya Cryptocoryne yalikuwa yameyeyuka kama karatasi iliyolowa. Alisema ameuziwa mizoga na akataka fedha yake mbele ya majirani. Nilikuwapo, na nakiri kuwa mkono ulikuwa unaelekea mfukoni. Lakini kijana alimpa shikamoo, akamkaribisha kiti, akamweleza kuwa jani lililozaliwa hewani lina ngozi nene, halijui kuishi majini. Mmea ukizamishwa huliacha na kuanza kutoa jani lingine, jembamba na laini. Akamwomba wiki tatu, taa saa 6 tu kwa siku, asitie mbolea yoyote, na yale yaliyooza ayatoe kwa mkono. Yakishindwa kuota, atamrudishia fedha yote. Fedha yenyewe alikuwa amekwisha kumpelekea mama yake nusu.

Zile wiki tatu zilikuwa ndefu katika nyumba yetu. Siku ya 17 mzee yule alimpigia simu. Vichwa vya majani mapya vilikuwa vimechomoza karibu katika kila shina, isipokuwa matatu. Sasa humwita kila mwezi kusafisha lile tangi, na amempa jina kwa mwenye mgahawa mwingine. Si mshahara bado. Katika mwezi mzuri hulipa nauli zake, hununua unga, na huweka kidogo.

Karo ililipwa kwa wakati. Na kile kidogo alichokiweka sasa kinakaribia bei ya mtungi. Juzi alinijia tena jioni, safari hii hakuja na picha, amekuja na daftari lake la kurasa 96 alilolipigia mistari kama ya bohari: tarehe, saa za taa, kilichotiwa, kilichotolewa. Hakuniomba fedha. Aliniuliza, “Mjomba, mtungi ukiisha katikati ya mwezi, nizime taa kabisa au nipunguze saa?” Nikamwambia apunguze mpaka 5 na aiinue taa juu shibri moja, na samaki asiwaongezee chakula siku hizo. Akaandika. Kisha akaniuliza kama naweza kumtafutia daftari jingine, kubwa zaidi, lenye jalada gumu.